Barua ya wazi: Tupangieni mafungu, msitumwagie gunia

Kwa wote mnaosimamia tovuti na mifumo ya taarifa za umma,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: KUPANGA MATOKEO YA UTAFUTAJI KATIKA TOVUTI ZA UMMA

Ndugu viongozi na watendaji,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nina steshenari Nkuhungu, hapa hapa jijini: kompyuta mbili, printa, mashine ya kopi na benchi la wateja kibarazani. Wengi wanadhani kazi ya steshenari ni kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutafuta. Mtu anaingia na neno moja mdomoni, "nitafutie fomu ya…" au "niangalizie kama majina yametoka", nami nakaa kwenye kompyuta kumtafutia. Kabla ya biashara hii nilisomea ukutubi Bagamoyo. Hadi leo, kila ninapoandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia najiona bado nipo maktaba, ila maktaba ambayo mtu ameyapindua makabati yote na vitabu vimelala sakafuni.

Kilichonifanya niandike ni mama mmoja anayeongoza kikundi cha wanawake wanaokamua mafuta ya alizeti huko Bahi. Alifika asubuhi na mapema, akaniamkua kwa Kigogo kama kawaida yake, akaketi, akasema: "Mwanangu, nitafutie utaratibu wa mkopo wa halmashauri. Ule wa sasa."

Hayo maneno mawili, "wa sasa", ndiyo yaliyotutoa jasho. Mnaijua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mnajua pia kwamba mwaka 2023 ilisimamishwa ili utaratibu wake utazamwe upya, na baadaye ikarejeshwa. Kwa hiyo kuna nyaraka za kabla ya kusimamishwa, nyaraka za kipindi cha kusimamishwa na nyaraka za baada ya kurejeshwa. Niliandika "mkopo wanawake halmashauri", nikabonyeza. Zote zikaja kwa pamoja, zimechanganyika kama mahindi na kokoto. Habari ya mkuu fulani akikabidhi hundi ya mfano. Fomu isiyo na tarehe. Hotuba. Tangazo la kusitisha. Fomu nyingine, inayofanana na ile ya kwanza isipokuwa kwenye swali moja. Taarifa ya robo mwaka. Tangazo lilelile tena, limepandishwa mara ya pili kwa jina jingine. Tulifungua moja baada ya jingine kwa karibu saa nzima, mama amesogeza kiti anasoma begani kwangu, hadi tukaichagua fomu iliyoonekana mpya. Nikaichapisha. Wanakikundi wakajaza, wakasaini, wakapeleka.

Wiki iliyofuata alirudi. Ameambiwa fomu ile ni ya utaratibu wa zamani.

Jioni ile sikufunga duka mapema. Nilikaa nikatafuta hadi nikaupata mwongozo sahihi. Ulikuwa kwenye tovuti ileile, ukurasa wa nne wa matokeo, na jina la faili lilikuwa tarakimu tupu kama namba ya vocha. Mtu aliyeuandika alifanya kazi yake. Aliyeupandisha alifanya kazi yake. Mama wa Bahi hakuupata, na mimi niliyesomea kutafuta sikuupata.

Naomba nieleweke: sinung'unikii wingi wa taarifa. Naikumbuka miaka ambayo tangazo lilikuwa karatasi moja kwenye ubao wenye kioo na kufuli, na wa Kondoa alipaswa kupanda basi kuja kulisoma. Tangu Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na mifumo iliyofuata, mmeweka mengi hadharani na wananchi wanayatumia kila siku kwenye benchi langu. Ninachoomba ni hatua inayofuata. Anayetafuta akishaandika neno lake, msimrundikie orodha moja ndefu. Mpangieni mafungu.

Nendeni Soko la Majengo asubuhi mtazame nyanya. Hakuna mama anayemwaga tenga zima mbele ya mteja na kumwambia achambue. Kuna fungu la zilizoiva za kupika leo, fungu la zenye ukijani za kukaa siku tatu, na pembeni zile zilizobonyea zinazouzwa kwa bei ya chini. Mteja anaangalia mara moja tu, anajua aende wapi. Kazi ya kuchambua imefanywa mara moja, na mtu mmoja, asubuhi, badala ya kufanywa na kila mteja kutwa nzima. Kwenye tovuti zetu hali ni kinyume. Mtumishi mmoja anaokoa dakika mbili anapopandisha faili bila kulieleza, na maelfu ya watu kila mmoja anapoteza saa yake.

Wengine mtajibu kwamba mashine tayari inapanga, yaliyo bora yanakuja juu. Kwenye intaneti nzima, ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Google ilipoanzishwa mwaka 1998 ilipata nguvu kwa kuhesabu viungo, yaani linki za kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine: ukurasa unaoelekezewa na kurasa nyingi nyingine, hasa zenye uzito, unapandishwa juu. Lakini ndani ya tovuti ya taasisi moja, ni nani anayeweka kiungo kutoka fomu kwenda fomu? Nyaraka zetu hazielekezani. Mashine inabaki na kuhesabu maneno, au kutazama siku faili lilipopandishwa. Siku ya kupandishwa nayo inadanganya, maana waraka wa zamani ukipandishwa upya baada ya tovuti kubadilishwa sura, unaonekana umezaliwa jana.

Kuhesabu maneno nako kuna kanuni yake. Mwaka 1972 Mwingereza Karen Spärck Jones alionyesha jambo ambalo injini za kutafutia zinalitegemea hadi leo: neno linalopatikana kwenye nyaraka nyingi halisaidii kutofautisha waraka na waraka, kwa hiyo lipewe uzito mdogo, na neno la nadra lipewe uzito mkubwa. Sasa tazameni vichwa vya faili zenu. "TANGAZO KWA UMMA." "TANGAZO." "TAARIFA KWA UMMA." "TANGAZO LA KUITWA KWENYE USAILI." Kwa mashine, kichwa cha namna hiyo ni sawa na kutokuwa na kichwa. Kijana mmoja wa Kizota alifungua orodha ya walioitwa kwenye usaili, kada yake ndiyo ileile, akaisoma mwanzo hadi mwisho, jina hakuliona. Akaondoka kimya. Ile ilikuwa orodha ya mwaka uliotangulia. Orodha ya mwaka wake ilikuwepo na jina lake limo, aliligundua siku tano baada ya usaili kupita. Sijasahau sura yake alipokuja kuniomba nimsaidie kuandika barua ya kuomba afikiriwe tena.

Sasa niseme ninachotaka hasa, maana barua ya malalamiko pasipo ombi haifai.

Chuoni tulifundishwa habari za S. R. Ranganathan, Mhindi aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuwa mkutubi wa chuo kikuu kule Madras. Mwaka 1931 alitoa kanuni tano za ukutubi, na ya nne inasema: okoa muda wa msomaji. Miaka miwili baadaye akatoa mfumo wake wa kupanga vitabu, uliokataa kukiweka kitabu kwenye rafu moja ya mada na kukiacha hapo. Aliona kila kitabu kina nyuso kadhaa. Kinahusu kitu fulani, kitu hicho kimetengenezwa kwa malighafi gani, kinafanyiwa nini, wapi, lini. Msomaji anaweza kuingilia uso wowote. Wazo hilo la mkutubi wa miaka ya 1930 ndilo lililozaa vichujio mnavyoviona leo kwenye maduka ya mtandaoni, ambako mtu anachagua viatu, kisha vya kike, kisha namba 38, na rundo la maelfu linabaki jozi kumi. Kama viatu vinapangwa hivyo, haki ya mwananchi inashindikanaje?

Kwa nyaraka za umma nyuso zinazotosha ni nne. Ni waraka wa aina gani: fomu, mwongozo, tangazo, sheria au kanuni, takwimu, habari. Ni wa mwaka gani. Unahusu wapi: nchi nzima, mkoa, halmashauri. Na ule uso ambao ungemwokoa mama wa Bahi: unatumika sasa, au umekwisha kutumika?

Hebu fikirieni anaandika "mkopo wanawake" na kioo cha simu kinamletea mistari mitano tu. Unaotumika sasa: mwongozo 1, fomu 2. Matangazo ya mwaka huu: 3. Sheria na kanuni: 4. Habari na picha: 61. Nyaraka za zamani: 14. Hizo namba ni za mfano, lakini ziwepo kweli mbele ya kila fungu, kwa sababu namba inamwambia mtu kama kuna kitu ndani kabla hajabonyeza. Fungu tupu lisionyeshwe kabisa. Kila mbonyezo unakula bando, na mtu mwenye MB 200 za siku nzima hawezi kufungua milango mitano asikute kitu.

Na naomba sana: za zamani msizifute. Kikundi kilichokopa mwaka 2019 bado kina haki ya kuusoma utaratibu uliokuwepo siku kiliposaini. Ziwekeni kwenye fungu lao, na kila ukurasa uandikwe juu kabisa kwa herufi za kuonekana: utaratibu huu hautumiki tena, unaotumika ni huu hapa.

Mtaniuliza nani atafanya kazi yote hiyo. Tayari inafanyika, ila inaishia masjala. Sijawahi kuona barua ya serikali isiyo na Kumb. Na., tarehe na Yah. Mtunza kumbukumbu haipokei barua bila kuitafutia jalada lake. Anajua hili ni la watumishi, hili ni la fedha, hili limefungwa na limefunguliwa juzuu jipya. Tangu enzi za taipureta karatasi zenu zina adabu hiyo. Zikifika kwenye kompyuta ndipo zinavuliwa kila kitu na kuitwa "scan0023". Afisa TEHAMA hajafundishwa kupanga nyaraka, na si kosa lake. Mkaribisheni mtunza kumbukumbu akae naye meza moja. Mfumo ukatae kupokea faili mpaka mambo yale manne yajazwe, kwa kuchagua kutoka orodha moja inayofanana kwa taasisi zote. Isiwe huku "fomu", kule "nyaraka za kupakua", na kwingine "machapisho", hali vyote ni kitu kimoja. Dakika mbili kwa faili.

Najua kuna wataalamu watakaopendekeza mashine iyagawe matokeo yenyewe. Njia hiyo ipo na ina historia. Mwaka 1992 watafiti wa Xerox kule California walieleza mfumo uliochukua rundo la nyaraka, ukazigawa katika mafungu kwa kufanana kwa maneno yake, ukampa msomaji achague mafungu anayoyataka, kisha ukayagawa hayo tena katika mafungu madogo zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja injini za kutafutia zilizofanya hivyo kwa intaneti nzima. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayejaza chochote. Ubaya wake ni majina ya mafungu. Mashine inachukua maneno yaliyojirudia na kuyafanya jina, kwa hiyo fungu moja linaweza kuitwa kwa mada, la jirani yake kwa jina la mji, la tatu kwa neno lisilomwambia mtu kitu. Na kesho, kwa swali linalokaribiana, majina yamebadilika. Mtu anayetafuta fomu anahitaji mlango ulio palepale kila siku. Kwa hiyo nyaraka za huduma zipangwe na watu kwa mafungu ya kudumu. Mashine ipewe rundo ambalo hakuna mtu atakayelimaliza, kama Hansadi, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, ambako mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayefuatilia mjadala wa maji kwa miaka 20 angeshukuru sana kupata mafungu hata kama majina yake hayajanyooka.

Kuna tatizo jingine ambalo halitatatuliwa na programu mtakayoinunua nje kama ilivyo. Ni lugha yetu yenyewe. Mashine nyingi zimefundishwa kutambua maneno ya ukoo mmoja kwa kukata mwisho wa neno, kwa sababu Kiingereza hubadilikia zaidi mwishoni. Kanuni mashuhuri ya Martin Porter ya mwaka 1980 ndivyo inavyofanya. Kiswahili kinabadilikia mbele na nyuma. Mkopo, mikopo, kukopa, wakopaji, tumekopeshwa: mzizi ni mmoja, lakini mashine inayokata mwisho peke yake inayaona kama wageni watano wasiojuana. Nimejaribu mara nyingi. Nikiandika "mkopo" napata orodha moja, nikiandika "mikopo" napata nyingine, na waraka ninaoutaka upo kwenye ile ambayo sikuifungua.

Ongezeni hapo majina mawili ya kitu kimoja. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliokula mahindi yao wenyewe. Hili kwetu kanda ya kati si jambo la kusoma kwa udadisi. Mfanyabiashara wa Kibaigwa anayetaka kujua namna ya kukausha na kuhifadhi mahindi ataandika "sumukuvu", au ataandika "sumu kuvu" kwa maneno mawili. Mtaalamu aliyeandika mwongozo huenda kaandika "aflatoksini", au kaandika wote kwa Kiingereza. Mfumo usiojua kwamba hayo ni mamoja utamwambia hakuna matokeo, naye ataondoka akiamini hakuna mwongozo. Mkutubi yeyote anaweza kuwatengenezea faharasa ya maneno yanayokwenda pamoja: sumukuvu na aflatoksini, usaili na intavyuu, ruzuku na pembejeo za bei nafuu, kiwanja na ploti. Waulizeni wenye steshenari. Sisi ndio tunaosikia watu wanavyovitaja vitu kabla havijavaa jina la ofisi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Kistahili basi kuwa pia lugha ambayo kisanduku cha kutafutia kinaielewa.

Na faili zilizopigwa picha tafadhali zigeuzwe kuwa maandishi. Karatasi iliyoskaniwa, mashine inaiona kama picha ya ukuta. Maneno yaliyomo hayatafutiki, hata mafungu yapangwe vizuri kiasi gani.

Siku hizi naambiwa haya yote yatapitwa, kwamba akili mnemba itamjibu mtu moja kwa moja. Wateja wangu wengine wameshaanza kuja na jibu walilopewa na simu. Baadhi ni sahihi. Lakini akili mnemba inasoma rundo lilelile tunalolisoma sisi, na rundo lisilosema kipi kimekwisha kutumika litampa mtu fomu ya zamani kwa sentensi nzuri yenye kujiamini. Sasa hata ile nafasi ya kuona nyaraka mbili zinazopingana na kupata shaka, nayo itakuwa imeondoka. Ikitumika, ionyeshe waraka ilikotoa jibu, na waraka huo uwe na mwaka wake na hali yake.

Nimalizie kwa jambo ambalo mtu wa biashara huwa halisemi. Kupotea kwa watu kunaniingizia fedha. Asiyeijua njia analipia muda, analipia kurasa, analipia kuchapisha mara ya pili fomu ambayo angeichapisha mara moja. Mama wa Bahi sikumtoza safari ya pili, lakini nauli ya kuja na kurudi sikuweza kumrudishia. Mkiyapanga mafungu haya, wateja wangu watapungua, maana wengi watajitafutia wenyewe kwa simu wakiwa shambani. Naomba wapungue.

Anzeni na kitu kimoja kidogo: fomu. Tovuti moja, fomu zake zote, zinazotumika huku na zilizokwisha kutumika kule. Kutoka Mtumba hadi Nkuhungu ni safari ya muda mfupi kwa gari. Yeyote kati yenu anayetaka kuona watu wanavyotafuta, aje akae kwenye benchi langu asubuhi moja bila kujitambulisha. Jumatatu ingefaa. Mama wa alizeti anakuja na wenzake wanne kujaza ile fomu upya, na wa tano wao anataka nimtafutie kiwango cha leseni ya biashara. Cha mwaka huu, amesisitiza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye steshenari,
Nkuhungu, Dodoma.